Kaban ya Abti na Kinubi Kilichonyamaza

Wasee, wacha nianze kwa kukiri kosa, ndio mkinisoma mpaka mwisho mjue siongei kama mtaalamu. Mwaka jana niliivunja kaban ya mjomba wangu.

Kwa wale hawaijui, kaban ni kile chombo ambacho watu wa Mombasa, Lamu na Zanzibar wanakiita udi. Kina tumbo la mviringo kama nusu ya tikiti maji, shingo fupi laini isiyo na vile vipande vya chuma vya gitaa, na kwa kawaida nyuzi kumi na moja. Sisi Wasomali tunaiita kaban. Ile ya abti ilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, imezungushiwa shuka kuukuu, hapa hapa Kutulo, mpakani mwa Mandera na Wajir. Huku ukisema unatafuta nyuzi za udi, watu wanakuangalia mara mbili.

Abti ni mzee sasa. Ujana wake wote alikuwa dereva wa lori: Garissa kwenda Wajir, Wajir kwenda El Wak, El Wak kwenda Mandera, enzi ambazo hiyo safari ukianza hujui utafika siku gani. Kaban aliinunua Mogadishu mwaka 1978. Aliacha kuipiga kabla sijazaliwa. Kuna walioniambia aliacha kwa sababu ya dini, kuna walioniambia aliacha baada ya rafiki yake kufariki. Mimi sikumuuliza. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya kosa langu.

Sehemu ya pili ni kwamba nilitaka video. Mnajua vile sisi watu wa kutengeneza video tulivyo: ukiona kitu cha zamani, kichwani unaona tayari watu wakisambaza. Kaban ilikuwa imebaki na nyuzi nne. Nikanunua nyuzi za gitaa Eastleigh, za chuma, nikafunga, nikakaza kwa kufuata programu ya simu. Ikalia! Nikarekodi sekunde arobaini, nikalala nikiwa na furaha kama mtoto wa Idd. Saa tisa usiku nikasikia mlio kama mtu amevunja kijiti kikavu. Daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi kwenye tumbo, lilikuwa limeng'oka na kipande cha uso wa kaban.

Asubuhi abti aliangalia kwa muda mrefu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Hukuuliza." Afadhali angenigombeza.

Ndio nikaanza kutafuta jinsi ya kurekebisha chombo cha kale. Na intaneti, badala ya kunipeleka Mogadishu, ikanipeleka Paris.

Gitaa lililojifanya kinubi

Kulikuwa na chombo Ufaransa, kwa Kiswahili wacha tukiite gitaa-kinubi. Kilianza kutengenezwa kwenye miaka ya 1780, kikawa fasheni kubwa enzi za Napoleon, na kufikia miaka ya 1830 kilikuwa kimeshapitwa. Kina shingo ya gitaa katikati na nyuzi sita kama gitaa la kawaida, lakini pande mbili zimeinuka mikono miwili iliyopinda, kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Chini ni bapa, unaweza kukisimamisha juu ya meza kama pambo.

Kwa nini mikono? Kwa sababu wakati huo matajiri wa Ulaya walikuwa wamependa kila kitu cha Wagiriki na Warumi wa kale: nywele, nguo, viti, nguzo za nyumba. Kinubi kilikuwa chombo cha Apollo, mungu wa muziki wa Wagiriki, kwa hiyo gitaa nalo likavalishwa mikono ya kinubi. Mabibi wa tabaka la juu walichorwa wakiwa nalo mapajani. Kwa mpigaji lilikuwa shida, kwa sababu ni zito, linateleza, na mkono wa kushoto unagongana na ule mkono wa pembeni. Kwa picha lilikuwa moto. Kwa kifupi, lilikuwa chombo cha kupigia picha miaka mingi kabla ya simu.

Leo magitaa-kinubi yaliyobaki ni mali. Yako kwenye makumbusho, kwa mfano Paris na New York, na mengine kwa wakusanyaji binafsi. Na hawa watu wanajua kutunza! Nilikaa usiku mzima nikisoma. Hawafungi nyuzi za chuma kamwe, kwa sababu mbao zile zilitengenezwa kwa nyuzi za utumbo wa kondoo. Hawapaki vanishi mpya. Hawatumii gundi ya dukani. Hata mkwaruzo wa miaka 200 wanauacha, kwa sababu nao ni sehemu ya historia. Kila kosa nililofanya mimi usiku mmoja, wao walishaandika zamani kwamba usifanye.

Niliona wivu, sitadanganya. Halafu nikajiuliza: sawa, ubao umetunzwa, na muziki wake? Wanaolipiga leo ni wachache, na wengi wao inabidi wajifunze kutoka vitabuni, kwa sababu hakuna mwalimu aliyefundishwa na mwalimu aliyefundishwa na mwalimu. Fasheni ilipoisha, mnyororo ulikatika. Kimebaki chombo kizuri sana kilichonyamaza.

Kinubi cha kweli kilikuwa huku

Hapa ndipo stori inarudi nyumbani. Wale mafundi wa Paris walikuwa wanaiga kinubi kutoka kwenye sanamu na michoro ya vyungu, kwa sababu kwao hakuna aliyekuwa akikipiga tena kile cha Wagiriki. Lakini kinubi kama chombo cha watu walio hai hakikuwa kimekufa. Kilikuwa Afrika Mashariki, kikipigwa kwenye sherehe na matanga.

Kinubi ni cha zamani kuliko hata Wagiriki. Kule Ur, Iraq ya leo, wachimbaji wa miaka ya 1920 walivikuta vinubi kwenye makaburi ya wafalme, vyenye umri wa miaka kama 4,500. Upande wetu, Ethiopia wana krar yenye nyuzi tano au sita, na begena kubwa yenye nyuzi kumi, ambayo wanasema ni kinubi cha Mfalme Daudi. Wajaluo wana nyatiti yenye nyuzi nane. Abagusii wana obokano, kubwa, yenye sauti nzito inayotetemesha kifua. Wabukusu wana litungu. Uganda, Wasoga na Waganda wana endongo, ambayo uso wake ni ngozi ya kenge. Na kinubi kilivuka bahari pia: Oman, Kuwait na Bahrain kuna tanbura ya nyuzi sita, iliyofika huko na Waafrika, wengi wao wakiwa watumwa, na mpaka leo inapigwa pamoja na mkanda wa kwato za mbuzi unaolia mchezaji akitikisa kiuno.

Ulaya walikuwa na habari. James Bruce, Mskoti aliyefika Uhabeshi mwaka 1769, alirudi na maelezo ya kinubi cha huko, na yakachapishwa London mwaka 1776 ndani ya historia ya muziki ya Charles Burney. Yaani miaka michache tu kabla Paris haijabuni kinubi cha mapambo, kulikuwa na kitabu kinachosema kinubi halisi kinapigwa Uhabeshi.

Na sisi Wasomali? Sisi pia tulikuwa nacho. Kwa Kisomali kinubi kinaitwa shareero. Hebu uliza nyumbani kwenu leo kama kuna anayelijua hilo neno. Mimi nimewauliza wazee wa hapa Kutulo. Jina, baadhi wanalijua. Aliyewahi kukiona kikipigwa, bado sijampata.

Tulitunza maneno, tukaacha mbao

Kabla hujasema "sisi hatujali historia", ngoja. Hiyo lawama imezoeleka na mimi siikubali. Sisi ni watu wa kuhama. Nyumba yote inafungwa juu ya ngamia: mikeka, miti ya kupinda, vibuyu vya maziwa, watoto. Chombo cha mbao na ngozi ni mzigo, kinapasuka, kinaliwa na mchwa. Shairi halina uzito. Ndiyo maana Wasomali walitunza mashairi kwa namna ambayo makumbusho yoyote yangeona wivu. Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu, lakini mashairi ya Sayid Mohamed Abdulle Hassan, aliyefariki 1920, yalishahifadhiwa vichwani neno kwa neno, pamoja na jina la mtunzi na sababu ya kutungwa. Kwetu kusema shairi la mtu bila kumtaja mwenyewe ni aibu. Hiyo ni hakimiliki kabla ya sheria ya hakimiliki.

Ukiongeza historia ya mkoa wetu unaelewa zaidi. Hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki mwishoni mwa 1963, na sheria zake zikaja kuondolewa 1991. Hiyo ni miaka 28 ya misako na kuhamahama kwa lazima. Nyumba nyingi huku hazina hata picha ya babu, seuze kinubi chake.

Kwa hiyo Ufaransa wametunza ubao, mnyororo wa wapigaji ukakatika. Sisi tumetunza maneno, ubao ukatuponyoka. Mimi naona chombo cha kale kinahitaji vyote viwili, na kwamba kizazi chetu, chenye simu mkononi, ndicho cha kwanza huku kwetu kuweza kutunza vyote kwa pamoja. Ndiyo hoja yangu yote leo. Yanayofuata ni ushahidi na maelekezo.

Gitaa-kinubi la Afrika Mashariki

Kuna njia nyingine ya kinubi kuingia ndani ya gitaa, na hii haikuwa ya kupigia picha. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, magitaa yalienea Kenya, mengine yakiletwa na askari waliorudi kutoka vitani. Vijana wa Kijaluo waliyachukua na kuanza kuyadonoa kama nyatiti: nyuzi moja moja, haraka, gitaa moja likiuliza na sauti ya mwimbaji ikijibu. Hapo ndipo benga ilipozaliwa. Sikiliza gitaa la juu kwenye nyimbo za D.O. Misiani na Shirati Jazz, halafu sikiliza mzee anayepiga nyatiti, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga ubao na njuga zikilia. Utasikia undugu. Vidole vilihama chombo, lakini havikusahau walikotoka.

Majirani zetu Waborana nao wana chamonge, gitaa lililotengenezwa kwa sufuria na nyaya za chuma. Hakuna wa kuliweka kwenye kioo Paris. Lakini ukilipata la zamani, lenye sufuria iliyobonyea, nakuomba usiligeuze kuwa vyuma chakavu.

Na kaban? Stori yake ina lori ndani, kwa hiyo abti anaipenda. Inasimuliwa kwamba katikati ya miaka ya 1940 dereva mmoja wa lori wa upande wa Zeila na Borama, Abdi Sinimo, aliharibikiwa na gari njiani, na katika ule usumbufu akaimba maneno machache ya kujiliwaza. Ndio mtindo wa belwo ukaanza, nyimbo fupi za mapenzi zilizowatia vijana wazimu na wazee hasira. Halafu akaja Abdullahi Qarshe. Huyu alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924, chini ya Kilimanjaro, akakulia Aden, na ni yeye anayesifiwa kwa kuiweka kaban ndani ya wimbo wa kisasa wa Kisomali. Wanamwita baba wa muziki wa Kisomali, na huyo baba ni mzaliwa wa Moshi. Kwa hiyo mtu akikuambia kaban ni kitu cha wageni, mwambie ilipita uani kwetu.

Mwingine ni Ahmed Ismail Hussein, maarufu kama Hudeydi, mzaliwa wa Berbera, aliyeitwa mfalme wa kaban. Alifariki London mwezi wa nne 2020, katika wimbi la kwanza la korona. Wanafunzi aliwaacha, na mnyororo haukukatika. Na mwaka 1988, ndege za serikali ya Siad Barre zilipoipiga Hargeisa kwa mabomu, watu walikuwa wameshaondoa kanda za redio, nyingine wakazizika ardhini. Zilifukuliwa miaka baadaye, na nyimbo zake zinasikika leo. Nikifikiria hilo naona aibu: wao walizika kanda ili bomu lisizipate, mimi nikaivunja kaban kwa sekunde arobaini za video.

Jinsi ya kutunza, kwa hali ya hewa yetu

Sasa mambo ya mikono. Haya nimejifunza kwa kusoma na kwa fundi wa udi wa Mombasa aliyeirekebisha kaban. Yanafaa kwa kaban, gitaa la zamani, nyatiti, krar, chochote.

Nyuzi kwanza. Seti ya chuma ya gitaa la kawaida inaweza kuvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Nailoni inavuta kama kilo 40. Chombo cha kale kilitengenezwa kwa nguvu ndogo, na gundi yake imezeeka. Ukifunga chuma unakitundikia mtu mzima. Tumia nyuzi zinazofaa chombo hicho, na kama hujui zipi, usifunge yoyote. Wapigaji wengi wa nyatiti leo wanatumia nailoni ya kuvulia samaki badala ya mishipa ya ng'ombe, na inafanya kazi. Kama chombo hakipigwi, legeza nyuzi kidogo, lakini usizitoe zote kwa mara moja.

Pili, ukavu. Huu ndio adui wetu mkubwa. Mbao inapenda unyevu wa hewa wa kama asilimia 45 mpaka 55. Kutulo wakati wa jilaal hewa inakausha hata midomo, halafu mvua za gu zikija mbao inafura. Kufura na kusinyaa huko ndiko kunakopasua. Weka chombo ndani ya sanduku, na humo weka kijisanduku cha sabuni chenye matundu, ndani yake kipande cha sponji kilichokamuliwa mpaka kisidondoshe. Kisiguse mbao. Kikaguliwe kila wiki wakati wa kiangazi, na ukitoe mvua zikianza. Usitundike kwenye ukuta wa mabati: saa saba mchana ule ukuta ni jiko. Na kama unasafiri, usiache chombo ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Tatu, wadudu. Vinubi vya ngozi vinapendwa na panya, mende na mchwa. Sanduku lisikae chini moja kwa moja, liinue kwa matofali. Usipake ngozi mafuta ya kupikia wala ya nywele, inalegea na kuwaita wadudu. Vumbi lifute kwa brashi laini kavu.

Nne, gundi. Weka ile gundi ya matone chini. Walahi, weka chini. Mafundi wa udi wanatumia gundi ya ngozi inayoyeyushwa kwa moto, kwa sababu fundi wa kesho akitaka kuifungua ataipasha joto na unyevu kidogo, itaachia bila kuvunja. Gundi za dukani zikishika haziachii, na fundi wa baada yako atalazimika kukata mbao. Kama kitu kimeng'oka, okota kila kipande hata kikiwa kidogo kama punje ya mchele, weka kwenye bahasha, andika tarehe, subiri fundi.

Tano, usipake vanishi, usipige msasa, usisafishe mpaka king'ae. Mahali palipochakaa kwa kidole cha mpigaji ndipo palipo na saini yake.

Na sita, ambayo wale wa Paris hawawezi tena kuifanya: uliza. Kabla ya kugusa chochote, washa simu urekodi. Nani alikitengeneza? Kilinunuliwa wapi? Nani alikipiga, kwenye harusi ya nani, alikazaje nyuzi? Mwombe mzee aimbe hata kwa mdomo kile ambacho kila uzi ulikuwa ukilia. Andika kwenye karatasi, weka nakala ndani ya sanduku na nyingine kwa simu ya mtu mwingine wa familia.

Mnunuzi

Wakati kaban iko kwa fundi, jamaa mmoja alinipigia kutoka Nairobi. Alikuwa ameona ile video. Alitaka kununua, hata ikiwa imevunjika, kwa ajili ya ukuta wa mkahawa. Bei aliyotaja ilikuwa nzuri, siwezi kujifanya haikunigusa. Nilimuuliza kama angependa kujua historia yake. Akasema, "Hapana, picha tu inatosha."

Sheria hapa haingemzuia. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kuwa cha kale kama kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kaban ya 1978 kwa macho ya sheria ni kijana tu. Kwa hiyo vitu vya babu zetu wa juzi, redio, kaseti, kaban, chamonge, havina mlinzi isipokuwa sisi. Garissa na Wajir kuna makumbusho chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na kama familia yenu haiwezi kutunza kitu, nendeni mkaongee nao kabla ya kuongea na mwenye mkahawa.

Sisemi kuuza ni haramu. Mtu ana karo ya kulipa, mtu ana mgonjwa. Lakini ukiuza, uza na stori yake, iandike, na baki na rekodi. Hata bei ya mkusanyaji makini inapanda akijua kilikotoka. Bila hayo umeuza kuni zilizopakwa rangi.

Nilimpelekea abti habari ya mnunuzi, maana safari hii nilikuwa nimejifunza kuuliza. Alicheka. Akasema, "Mwambie ukuta hauna masikio."

Kilichokuwa ndani

Kaban ilirudi kutoka Mombasa kwa basi, imefungwa kwa blanketi mbili, kiti chake kimelipiwa. Fundi alikuwa ameniambia jambo kwa simu: lile daraja halikuwa limeng'oka kwa mara ya kwanza. Chini yake kulikuwa na gundi ya zamani, kazi ya mkono mwingine, safi kabisa.

Nikamuuliza abti. Akanyamaza, halafu akaniambia niweke chai. Mwaka 1983, lori lilipinduka kwenye korongo kati ya Tarbaj na Kutulo. Utingo wake, rafiki yake wa tangu utotoni, ndiye aliyekuwa akiipiga kaban safari nzima, yeye abti akiendesha. Huyo rafiki ndiye aliyeirekebisha baadaye, kwa gundi aliyoipika mwenyewe kwa ngozi ya ngamia. Alipofariki, abti aliifunga ndani ya shuka. "Dini watu waliisema wao," akaniambia. "Mimi sikuwasahihisha kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza."

Tuliongea saa tatu usiku huo na simu ikirekodi. Ana majina ya nyimbo ambazo sijawahi kuziona popote, ana majina ya waliotunga, ana na vituo vya njiani walikoziimba. Bado hajaipiga, na simsukumi. Lakini nikipiga mimi vibaya kutoka chumba cha pili, anakohoa. Nimeshajua kikohozi cha uzi wa tatu na kikohozi cha uzi wa nne.

Kwenye kifuniko cha sanduku nimebandika karatasi: mahali iliponunuliwa, mwaka, fundi wa kwanza, fundi wa pili. Abti aliisoma akasema nimesahau kitu. Nikampa kalamu. Akaandika jina la utingo wake juu kabisa, juu ya jina lake mwenyewe.

Leo ukirudi nyumbani, angalia chini ya kitanda cha mzee wenu. Na kabla hujafungua sanduku, uliza.